Muhuri hauongezi wati

Swali ni moja, bidhaa ndizo zinazobadilika. Leo ni paneli ya jua, kesho batri, kesho kutwa roli ya waya. Mtu amenunua katikati ya mji wa Lubumbashi, karibu na soko la Mzee Kabila, kartoni imeandikwa 300 W. Akifika nayo Katuba, fundi anapima na kutikisa kichwa. Anarudi dukani: "Patron, paneli hii haiko ya 300." Muuzaji habishani. Anaonyesha kidole chini ya faktire, penye muhuri wa wino wa buluu: Marchandise vendue ni reprise ni échangée. Mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. "Mama, si ulisoma?"

Kisha mama huyo anakwenda kwa mwanasheria na kuuliza: kwa kuwa faktire ilisema vile, nimepoteza?

Wanasheria wa mji huu wamechoka na swali hilo, na wana haki ya kuchoka. Linaanzia kwenye muhuri, wakati lilipaswa kuanzia kwenye kartoni. Muuzaji alisema anauza nini? Wati 300. Alitoa nini? Kitu kingine. Mpaka hapo muhuri haujaingia kabisa katika hesabu, kwa sababu unazungumzia mali iliyouzwa, na mali iliyouzwa, yaani paneli ya wati 300, bado haijatolewa.

Sheria ya Kongo kuhusu mikataba ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ina umri mkubwa kuliko Lubumbashi yenyewe, mji ulioanzishwa mwaka 1910, lakini bado ndiyo inayofanya kazi. Inampa muuzaji mizigo miwili: kutoa kitu kilichokubaliwa, na kukidhamini. Kitu kikiwa na kasoro iliyofichika, mnunuzi ndiye anayechagua: akirudishe na apewe bei yake yote, au abaki nacho na arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua kasoro hiyo anaongeza na fidia ya hasara.

Je, muuzaji hawezi kujitoa kwenye dhamana hiyo kwa maandishi? Hapa ndipo wenye maduka wanapopata nusu ya ukweli na kuitumia kama ukweli mzima. Sheria inamruhusu kukubaliana na mnunuzi kwamba hatadhamini, lakini kwa kasoro ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Aliyejua hana kinga. Tena, katika mapokeo ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako sheria yetu imetoka, mahakama zimezoea kumhesabu mfanyabiashara wa kazi hiyo kuwa mtu anayejua anachouza. Mtu anayeingiza makontena ya paneli kupitia Kasumbalesa atapata taabu kumweleza jaji kwamba hakuwahi kushangaa kuona wati 300 zimeenea ndani ya kitu anachokibeba kwapani.

Kuna na suala la saa. Makubaliano hufanyika kabla ya pesa kutoka mfukoni. Muhuri wenyewe hugongwa lini? Baada ya kuhesabu noti, faktire inapokunjwa na kupewa mteja. Maneno yaliyokuja baada ya biashara kufungwa ni ya upande mmoja, hata yangeandikwa kwa dhahabu.

Muhuri una kazi yake halali, tena ndogo: kumzuia aliyenunua viatu vya rangi nyekundu asirudi kesho akitaka vyeusi. Mteja aliyebadili mawazo hana dai. Aliyeona ufa kwenye kioo na akalipa hana dai pia, maana muuzaji hajibu kwa kasoro zinazoonekana kwa macho. Lakini wati hazionekani kwa macho. Ampea-saa za batri hazionekani. Ndiyo maana zinaandikwa kwenye lebo, na ndiyo maana lebo ni sehemu ya ahadi, wala si pambo la kartoni.

Kupima lebo si uchawi. Jua la saa sita hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67 haivuki wati 160, hata iandikwe 300, 400 au jina la malaika. Mita ya fundi seremala inatosha kujua. Batri ya risasi ya volti 12 na Ah 200, iwe ya maji au ya jeli, huwa na kilo 55 hadi 65. Inayobebwa na mtoto kwa mkono mmoja si yenyewe. Roli ya mita 100 ya waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba ina zaidi ya kilo mbili za shaba tupu, bila plastiki. Kwangua ncha kwa kisu: ukikuta weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kuuziwa waya wa namna hiyo Katanga, kwenye ardhi ya shaba, ni matusi juu ya hasara.

Lakini haki itendeke pande zote: paneli ya kweli ya wati 300 ikitoa 220 juani si wizi. Lebo hupimwa kwa nyuzi joto 25, na paneli juu ya bati la Oktoba hupata joto kuliko hapo na kupoteza nguvu. Anayepiga kelele kwa tofauti hiyo anawaharibia wenye madai ya kweli.

Sasa la kufanya, haraka. Kabla ya kulipa, muuzaji aandike vipimo kwenye faktire: "paneli 300 W", si "paneli 1". Kartoni isitupwe, lebo ipigwe picha. Fundi apime mbele ya mashahidi, ikiwezekana mbele ya muuzaji. Kisha barua ya kudai, nakala mbili, duka lisaini moja. Usikawie: sheria inataka dai liletwe ndani ya muda mfupi, na jaji ndiye anayeamua ufupi huo. Anayenunua ili auze, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, yuko chini ya sheria za biashara za OHADA, zinazotumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012: tofauti inayoonekana itangazwe kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja, iliyofichika ndani ya mwaka mmoja tangu kugunduliwa. Barua ikipuuzwa, Lubumbashi ina tribinali ya biashara, na mtu wa kawaida anaweza kumshitaki mfanyabiashara huko. OCC, ofisi ya ukaguzi ya Kongo, hukagua ubora wa mali. Hairudishi pesa za mteja.

Na polisi? Kumdanganya mnunuzi juu ya kitu alichouziwa ni kosa katika sheria ya adhabu ya 1940, kwa hiyo malalamiko yanapokelewa. Ila wanaokimbilia huko kwanza wakidhani ndiko pesa ziliko wajue kwamba faini ikilipwa, inaingia kwenye hazina ya serikali, na bei ya paneli bado itadaiwa kwa barua ileile.