Mvuke wa zebaki: kweli na si kweli

Rwamgasa, mkoani Geita, wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wakalichoma donge lake motoni. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki.

"Nisipoona moshi, hewa ni safi." Si kweli. Moshi unaouona ni wa kuni au mkaa. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na hauhitaji hata moto: zebaki iliyomwagika sakafuni inaendelea kuutoa. Takriban asilimia 80 ya unaovutwa na mapafu hubaki mwilini.

"Zile kamera za kunasa gesi inayovuja kwenye mabomba zingeuona." Si kweli. Kamera hizo hutumia mwanga wa infraredi. Methani hunaswa kwa sababu kaboni na haidrojeni zilizoshikamana hutikisika na kuunyonya mwanga huo. Mvuke wa zebaki ni atomu mojamoja, hakuna mshikamano wa kutikisika, kwa hiyo kamera haioni kitu.

"Basi hauonekani kabisa." Hilo nalo si kweli, na ndilo ningependa kila mchomaji alishuhudie. Atomu ya zebaki hunyonya miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7, ileile inayotolewa na taa ya zebaki. Ielekeze taa hiyo kwenye ubao uliopakwa madini yanayong'aa kwa miale hiyo, upitishe mvuke katikati: kivuli cheusi kinapanda ubaoni. Vipimo vya kubebeka mkononi hutumia kanuni hiyohiyo. Lakini miale hiyo huunguza macho, kwa hiyo onyesho lisimamiwe na mtaalamu. Lifanyike mwaloni, pale dhahabu inapooshwa na kuchomwa, watu walione kwa macho yao.

"Anayeumia zaidi ni mchomaji." Kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta wachomaji 25 kati ya 99 wa Rwamgasa na sumu sugu ya zebaki. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, figo huharibika.

"Retoti inakula dhahabu." Si kweli. Retoti ni chombo kilichofungwa cha kuchomea donge, na zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu haiyeyuki hata kidogo kabla ya nyuzi 1,064. Retoti huufungia mvuke, ikaupitisha kwenye bomba lililopozwa, na zebaki ikarudi kuwa kimiminika cha kutumika tena. Sharti isifunguliwe kabla haijapoa, maana mvuke uliobaki ndani humpiga mfunguaji usoni.