Salfa Ipitayo Mikumi na Tindikali Izaliwayo Kwayo

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akishaipita Morogoro na kuingia katika tambarare za Mkata, huikuta barabara kuu ikiikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa masafa ya kilomita 50 hivi, na ilhali macho yake yanatafuta tembo na twiga, hupishana na malori marefu yaelekeayo Tunduma, ambayo baadhi yake, chini ya turubai zilizofungwa madhubuti, yamesheheni chembe na unga wa rangi ya manjano. Shehena hiyo ni salfa, ile ile ambayo wazee wa pwani waliiita kibiriti upele na kuitia katika dawa za ngozi, na ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huipuliza juu ya mikorosho yao ili kuikinga na ubwiri unga. Walakini salfa ya njia ya Mikumi aghalabu haiendi kutibu ngozi wala mti. Inakwenda Zambia na Kongo kutiwa motoni, na katika moto huo huzaliwa tindikali ya salfa, iandikwayo na wanakemia H2SO4, ambayo kwa wingi wake huhesabiwa kuwa ya kwanza miongoni mwa kemikali zote zitengenezwazo viwandani. Kila mwaka ulimwengu hutengeneza zaidi ya tani milioni 250 za tindikali hii, na hata hivyo ni nadra mtu kutumwa dukani kuinunua, kwa kuwa karibu yote huishia ndani ya viwanda, ikafanya kazi yake na kutoweka katika umbo la kitu kingine.

Tindikali hii ikiwa safi ni kioevu kizito mfano wa mafuta, kisicho na rangi wala harufu, na lita yake moja ina uzito wa kilo 1.84. Sifa zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ukali wa tindikali zote, yaani kuzila metali nyingi, na kuyavunja mawe yaliyo na chokaa au shaba ya kijani, na kuyageuza kuwa chumvi. Ya pili ni uchu wake wa maji, ambao hauna mfano: haingoji kupewa maji yaliyo tayari, bali huyaunda kwa kuvitoa viasili vyake katika vitu ambavyo kwa macho ni vikavu. Sukari nyeupe ya Kilombero ikimwagiwa tindikali kali hugeuka manjano, kisha hudhurungi, kisha nyeusi, ikafura na kutoa mvuke, mpaka kinachobaki ni mkaa mtupu. Kwani sukari kwa asili yake ni kaboni iliyofungamana na hidrojeni na oksijeni kwa kipimo kile kile cha maji, na tindikali imekwisha kuyanyakua maji hayo yote. Lifanyikalo kwa sukari ndilo lifanyikalo kwa pamba, kwa mbao, na kwa ngozi ya mwanadamu. Fauka ya hayo, kila inapokutana na maji hutoa joto jingi mno. Na kwa sababu hiyo kila mwanafunzi wa maabara hufundishwa kuitia tindikali ndani ya maji kidogo kidogo huku akikoroga, wala asithubutu kuyatia maji ndani ya tindikali, kwani maji machache yaangukayo juu yake huchemka papo hapo na kuirusha usoni pa aliyeyatia.

Kuitengeneza kwa wingi kulianza Uingereza, ambako mnamo mwaka 1746 John Roebuck wa Birmingham aliacha vyombo vya kioo na kujenga vyumba vya risasi, metali ambayo tindikali ya nguvu ya kadiri huigusa juu juu tu na kuiachia utando unaoilinda. Mwaka 1831 mfanyabiashara wa siki wa mji wa Bristol, Peregrine Phillips, alipata hataza ya njia nyingine, nayo ndiyo iliyotamalaki hata leo. Salfa huyeyushwa kwa joto la nyuzi 115 na zaidi, ikanyunyizwa katika tanuru na kuwaka kwa ndimi za buluu, ikawa dioksidi ya salfa, gesi ile ikabayo koo. Gesi hiyo sharti ichukue oksijeni mara ya pili ili iwe trioksidi, na hapa ndipo palipo na ugumu wote wa kazi: ikiwa baridi, haitaki kuungana; ikipashwa moto sana, huungana upesi lakini huachana upesi vile vile. Phillips alitumia platini kuwa kichocheo. Viwanda vya sasa hutumia oksidi ya vanadi, na huipitisha gesi katika tabaka kadhaa za kichocheo hicho kwa joto la nyuzi 420 hivi, vikiipoza baina ya tabaka na tabaka, kwa maana muungano wenyewe huzalisha joto ambalo likiachwa lingeubomoa muungano. Na hata trioksidi ikiisha kupatikana haitiwi katika maji, kwani hugeuka ukungu mzito usiokamatika; huingizwa katika tindikali iliyokwisha kuwako, yenye nguvu ya asilimia 98, ambayo huimeza kwa utulivu, kisha maji huongezwa kwa kipimo ili nguvu hiyo ibaki pale pale.

Msomaji wa Kilosa, jirani wa Mikumi, aweza kuuliza kwa haki: kwa nini basi malori hubeba salfa, yasibebe tindikali iliyo tayari? Hesabu ndogo ya mizani humjibu. Uzito wa chembe moja ya salfa ni 32, na uzito wa molekuli nzima ya tindikali ni 98; tani moja ya salfa, kwa hiyo, huzaa tani tatu za tindikali na ziada kidogo, na hizo mbili zilizoongezeka ni oksijeni na maji, vitu vipatikanavyo Lubumbashi, huko Kongo, kama vipatikanavyo Dar es Salaam. Lori lenye tani 30 za salfa hubeba ndani yake, kwa maana ya kemia, tani 90 na kidogo za tindikali. Anayesafirisha tindikali yenyewe hulipa nauli ya hewa na maji kwa masafa ya zaidi ya kilomita 1,800. Kadhalika hatua za utengenezaji zote hutoa joto, na mgodi ulio na kiwanda chake hulikusanya joto hilo katika mvuke na kuzungusha mitambo ya umeme, hata ikawa salfa ni malighafi na kuni kwa pamoja. Na iwapo lori litapinduka katikati ya hifadhi, salfa iliyomwagika yaweza kuzolewa kwa koleo, maadamu haijashika moto. Tindikali iliyomwagika huzama ardhini na kuteremka mtoni. Salfa yenyewe siku hizi haichimbwi sana: iliyo nyingi hutolewa katika mafuta na gesi asilia wakati wa kusafishwa, na nchi za Ghuba, hususan Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa, hivi kwamba uchafu unaoondolewa katika mafuta ya upande wa pili wa bahari ndio upandao kuelekea Tunduma kuwa bidhaa ya thamani.

Kazi ingojeayo salfa hiyo huko iendako ni shaba. Katika mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba mwaka 2009, na katika migodi mingine ya kusini mwa Kongo, madini mengi yaliyo karibu na uso wa ardhi ni ya kijani, nayo si salfidi ya kuyeyushwa tanuruni bali ni shaba iliyofungamana na oksijeni na kaboni. Mawe hayo husagwa na kumwagiwa tindikali iliyozimuliwa. Shaba huyaacha mawe na kuingia majini, na maji yakawa ya buluu, kwa maana yamekuwa mrututu ulioyeyuka. Shaba hiyo huvutwa na viowevu maalumu vilivyochanganywa na mafuta mfano wa mafuta ya taa, ikatengwa na chuma na uchafu mwingine, kisha hupitishiwa umeme, na shaba safi ikajishika juu ya bamba. Jambo la ajabu katika hatua hii ya mwisho ni kwamba, wakati shaba inajipanga katika ncha moja ya umeme, tindikali huzaliwa upya katika ncha ya pili, ikarudishwa kwenye mawe mengine. Lau mawe yangekuwa na shaba peke yake, tindikali ingezunguka karibu milele. Lakini miamba ya huko imechanganyika na dolomiti, iliyo jamaa ya chokaa, nayo huila tindikali bila kutoa chochote cha faida, na upungufu huo ndio unaolazimisha malori yaendelee kupanda. Upande wa Zambia mambo yamekwenda kinyume: Mufulira na Solwezi wana shaba ya salfidi, ambayo ikichomwa hutoa dioksidi ya salfa yenyewe; zamani gesi hiyo huko Mufulira iliachwa iwaangukie wakazi wa jirani na bustani zao, na siku hizi hukamatwa na kufanywa tindikali ya kuuzwa. Kwa namna moja au nyingine, bamba za shaba zinazoteremka kupitia Mikumi kuelekea bandarini zimepita mikononi mwa tindikali hii.

Na mkulima wa Kilosa, apandaye mahindi au mpunga katika bonde la Mkondoa, ana uhusiano nayo ulio karibu zaidi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya tindikali yote ya dunia huishia katika mbolea. Mwamba wa fosfati hauyeyuki vizuri majini, na mmea hauwezi kula jiwe; tindikali ya salfa huuvunja mwamba huo, fosforasi ikatoka katika umbo la tindikali ya fosforasi, ambayo ndiyo asili ya DAP na TSP, na kinachobaki ni jasi nyingi. Mbolea ya SA nayo ni tindikali hii iliyounganishwa na amonia. Tanzania iliwahi kuyafanya haya kwa mikono yake: mwaka 1972 kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi, kikiwa na mtambo wake wa kuunguza salfa, lakini salfa, fosfati na amonia zote ziliagizwa kwa meli kutoka ng'ambo. Fosfati ya nyumbani, ya Minjingu karibu na Ziwa Manyara, ilianza kuchimbwa mwaka 1983 ili kukilisha kiwanda hicho, na mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Minjingu haikufa pamoja nacho, kwani fosfati yake, iliyotokana na vinyesi na mifupa ya ndege walioishi kando ya ziwa la kale, ni laini kuliko fosfati nyingine nyingi, na ikisagwa huweza kutiwa shambani moja kwa moja, ambapo uchachu wa udongo wenyewe huifanya polepole kazi ambayo kiwandani ingefanywa na tindikali.

Kazi nyingine zake ni nyingi kuliko nafasi ya makala haya. Shabu itumikayo kuyatuliza matope ya maji ya mto kabla hayajaingia mabombani hutengenezwa kwayo. Viwanda vya ngozi huilowesha ngozi mbichi katika chumvi na tindikali kidogo kabla ya kuitia dawa. Na kila betri ya lori ipandayo mlima wa Kitonga ina bamba za risasi zilizozama katika tindikali iliyozimuliwa kwa maji, ambayo fundi huipima kwa kuangalia uzito wake, maana betri iliyojaa umeme ina tindikali yenye uzito wa mara 1.28 hivi ya maji, na iliyokwisha umeme imeipoteza katika bamba zake. Anayeongeza maji safi katika betri yake anafanya sawa, kwa kuwa kinachokauka ni maji. Anayeongeza tindikali anaiharibu.

Kwa wakazi wa kando ya barabara kuu, elimu iliyo ya lazima kuliko zote ni ile ya kuijua shehena kabla ya kuisogelea. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hudhibiti usafirishaji wa kemikali hizi, na magari yanayozichukua huvaa alama za kimataifa: namba 1830 ni tindikali ya salfa, na namba 1350 ni salfa kavu. Mnamo tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na watu kuliendea kuteka mafuta; na petroli walau ina harufu ya kumwonya mtu, ilhali tindikali iliyotulia katika dimbwi haina harufu wala moshi, na yule aikingaye kwa ndoo akidhani ni mafuta hujua kosa lake ngozi ikiwa imekwisha kuungua. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo upesi na kumiminiwa maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20 au zaidi, bila kupakwa magadi wala ndimu wala dawa yoyote ya kienyeji, kisha apelekwe hospitali. Na salfa iliyoshika moto ikimbiwe kwa kuelekea upande upepo utokako.

Limebaki swali ambalo watu wa Morogoro huliuliza kila waonapo mali ya wengine ikipita mlangoni pao, nalo ni kama nchi yetu haifai kuwa na kiwanda cha tindikali tena. Jawabu la kemia ni kwamba tindikali hii, kwa kuwa ni nzito, ya hatari na ya bei ndogo, haipendi safari wala ghala; hutengenezwa pale penye kitu cha kuila, na pasipo na mlaji wa karibu mtambo wake huwa mzigo. Kwa hiyo mwenye azma ya kuujenga asianze kwa kutafuta salfa, ambayo bandari huileta kila uchao, bali aanze kwa kupima ni tani ngapi za fosfati au za madini ya shaba na nikeli zitakazoihitaji mwaka hata mwaka, na zipo umbali gani kutoka tanuruni; akiisha kupata hesabu hiyo, ndipo atakapojua kama salfa ishushwe njiani, au iachwe iendelee na safari yake.