Kabla ya Klorini Kulaumiwa

Chupa ya kuchukulia sampuli ya kupima klorofomu kwenye maji ya kunywa ni ndogo, ya kioo, ujazo wa mililita 40 tu. Mchukua sampuli hufungua bomba, huacha maji yatiririke mpaka joto lake litulie, kisha hupunguza kasi na kuyajaza taratibu mpaka yavimbe mdomoni mwa chupa. Hufunga, huigeuza juu chini, huigonga kwa kidole na kuitazama kwa makini. Kikipanda kipovu cha hewa, chupa hiyo huwekwa kando na nyingine huchukuliwa. Klorofomu huruka upesi: ikipata hewa huhamia humo, na maabara hubaki ikipima pungufu.

Ndani ya chupa hutangulizwa punje chache za vitamini C au thiosulfati ili kuizima klorini iliyobaki. Isipozimwa, itaendelea kutengeneza klorofomu njia nzima mpaka maabara, na jibu litakalotoka halitakuwa la maji aliyokunywa mwananchi.

Klorofomu hiyo haikutiwa na mtu. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa shirika la maji la Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba huzaliwa ndani ya mtambo wenyewe, pale klorini inapokutana na masalia ya majani, mboji na mwani. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani wakaripoti jambo hilohilo. Mwaka 1976 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitangaza kwamba panya waliopewa klorofomu kwa dozi kubwa walipata saratani, na mwaka 1979 nchi hiyo ikaweka kikomo cha maikrogramu 100 kwa lita kwa jumla ya kemikali nne za jamii hiyo, yaani trihalomethani. Leo kikomo chake ni 80. Shirika la Afya Duniani, WHO, huipa kila kemikali kiwango chake: klorofomu 300, bromofomu 100, dibromoklorometani 100, bromodiklorometani 60.

Viwango hivi vimekokotolewa kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote. Kipindupindu huua kwa saa chache. Ndiyo maana WHO inasisitiza kwamba juhudi za kupunguza kemikali hizi zisidhoofishe kamwe kazi ya kuua vijidudu. Meneja wa maji anayepunguza klorini kwa sababu ya karatasi moja ya maabara anawaweka watu wake kwenye hatari iliyo kubwa zaidi na iliyo karibu zaidi.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Daniele Lantagne na wenzake walichunguza maji yaliyotiwa dawa nyumbani, kwanza magharibi mwa Kenya, kisha Tanzania, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008 na 2010. Baadhi ya maji ya Kenya yalikuwa na tope jingi, ya aina ambayo mtu angetarajia yatoe kemikali nyingi. Hata hivyo, hakuna sampuli iliyovuka viwango vya WHO. Mama anayetia dawa kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa hana sababu ya kuacha.

Kwenye mtandao wa mabomba mambo hubadilika, kwa kuwa klorini hupata muda mrefu zaidi wa kufanya kazi, tena kwenye joto letu. Trihalomethani huongezeka kadiri maji yanavyokaa bombani, kwa hiyo sampuli ya getini mwa mtambo pekee haitoshi. Lazima ichukuliwe pia kule mwisho wa laini, kwa mteja wa mbali kabisa. Asidi za haloasetiki, jamii ya pili kwa wingi, zina tabia tofauti. Pale klorini inapokwisha, bakteria wa ndani ya bomba huweza kuzila, hivyo kilele chake kinaweza kuwa katikati ya mtandao. Kuchemsha maji nako hufukuza klorofomu, lakini asidi hizo haziruki na mvuke.

Pwani kuna jambo jingine linalostahili kuangaliwa kwa ukaribu. Visima vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja vinavyoingiliwa na maji ya bahari hupata bromidi, ambayo lita moja ya maji ya bahari ina takribani miligramu 65. Klorini huibadili bromidi kuwa bromini, nayo hushambulia masalia ya mimea kwa kasi zaidi. Kinachotoka ni bromofomu na ndugu zake, na molekuli moja ya bromofomu ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya klorofomu. Maabara inayopima klorofomu peke yake inaweza kuyapasisha maji ya kisima chenye chumvi ilhali tatizo lenyewe halijaguswa. Ripoti ya kisima cha pwani lazima ionyeshe zote nne, moja moja.

Namba ikiwa kubwa, maana yake ni kwamba masalia mengi yalifika kwenye klorini kabla ya kuondolewa. Dawa yake iko nyuma: shabu itiwe kwa kipimo sahihi, tope litulie, maji yachujwe, ndipo klorini ifuate. Hata mbegu za mlonge, zinazosifiwa kwa haki kwa kutuliza tope, zikitiwa zikiwa unga mbichi huacha mabaki ya mmea majini, na klorini huyageukia hayo pia.

Mtambo usiomudu kupeleka chupa maabara mara kwa mara unaweza kupima kila siku kiasi cha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 unaomezwa na maji yaliyochujwa. Masalia ya mimea huumeza mwanga huo, na kifaa chake ni rahisi mno kuliko mashine ya kromatografia. Kipimo kikipanda baada ya mvua, fundi anajua asubuhi hiyohiyo kwamba shabu haitoshi, kabla klorini haijaguswa.