Minara Inayotembea Angani

Katika mji wa Lubumbashi ni rahisi kupiga simu. Minara ya simu imesimama Kenya, Katuba, Kamalondo na mitaa mingine. Simu ya mkononi ni redio ndogo: hutupa sauti kwa mawimbi yasiyoonekana mpaka kwenye mnara, na mnara huipeleka mbele. Lakini nguvu zake ni chache, na milima huyazuia mawimbi yake. Mtu akisafiri kwenda Mitwaba au Pweto, atapita mahali pengi pasipo na mnara hata mmoja. Hapo simu yake ni kama sanduku tupu.

Jambo hili si dogo. Fikirini zahanati ya kijijini, mbali na barabara kuu, wakati wa mvua. Usiku mama anashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mwuguzi anahitaji shauri la daktari, tena anahitaji gari. Akimtuma mtu kwa baiskeli, jibu litafika kesho au kesho kutwa. Mama huyo hawezi kungoja hata asubuhi.

Je, haifai kujenga mnara katika kila kijiji? Nchi ya Kongo ina kilometa za mraba zaidi ya milioni mbili, nayo imejaa misitu, mito na milima. Mnara mmoja ni gharama kubwa, na kila mnara unataka umeme na matengenezo. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine, yaani kuweka minara angani.

Kwa nini juu? Watoto wa Lubumbashi wanaujua mlima mweusi wa mabaki ya shaba, karibu na bomba refu la moshi. Mtu aliye chini yake huona nyumba chache tu. Kama angesimama kileleni, angeona sehemu kubwa ya mji. Aliye juu huona mbali, naye huonekana kutoka mbali.

Setilaiti ni chombo kinachopelekwa juu kwa roketi ili kiizunguke dunia. Ya kwanza, Sputnik, ilirushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957. Katanga nayo ilipata kuona roketi. Mwaka 1977 na 1978 kampuni moja ya Ujerumani ilirusha roketi za majaribio karibu na mto Luvua, upande wa Manono. Ilitaka kupeleka setilaiti kwa bei nafuu, lakini kazi hiyo ilikoma kabla ya kufanikiwa.

Setilaiti nyingine huwekwa mbali sana, karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta. Huko huzunguka mara moja kwa siku, sawasawa na dunia, hata huonekana kama zimesimama. Mawimbi hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, kupanda huko na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde, na jibu huchukua robo nyingine. Basi wanaozungumza hukatizana maneno.

Setilaiti za karibu hazina taabu hiyo. Zile za mtandao wa Iridium, ulioanza kazi Novemba 1998, ziko juu kilometa 780 hivi. Lakini kwa nini hazianguki? Ukitupa jiwe, huanguka karibu. Ukilitupa kwa nguvu zaidi, huanguka mbali zaidi. Setilaiti hukimbia karibu kilometa 27,000 kwa saa. Dunia huivuta, nayo huanguka kweli. Lakini dunia ni mviringo, na ardhi hujipinda chini yake, hata haifikii kamwe. Mwendo huo ungevuka kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa kwa muda usiozidi dakika nne.

Kwa sababu ya mbio hizo, setilaiti moja hupita juu ya kijiji kwa dakika kama kumi tu, kisha hutoweka. Ndiyo maana moja haitoshi. Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 za kazi. Kabla ya moja kutoweka, nyingine huja na kupokea mazungumzo, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Tena hupashana habari zenyewe kwa zenyewe, kama vile zamani ngoma za kijiji kimoja zilivyopeleka habari kwa kijiji cha pili, na cha pili kwa cha tatu. Mwisho sauti hushuka kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo huingia katika simu ya daktari mjini.

Mtandao mwingine, Starlink, una maelfu ya setilaiti. Huo hupeleka intaneti: barua, picha na masomo. Machi 2024 mamlaka ya posta na simu ya Kongo ilikataza kuutumia, kwa kuwa haukuwa na kibali. Mwezi Mei 2025 ulipewa kibali.

Vyombo hivi vina mipaka. Antena hutaka uwazi wa mbingu. Chini ya mabati au miti minene mawimbi hukwama. Hutaka umeme, ingawa waweza kutoka kwa jua. Na gharama yake bado ni nzito kwa zahanati maskini. Mnara uko juu ya kila kijiji, lakini si kila kijiji kina njia ya kuufikia. Kazi hiyo imebaki kwa watu.

Mwenyezi Mungu amempa mtu akili ya kupima mwendo wa nyota. Akili hiyo inafanya kazi njema inapomsaidia mama yule wa kijijini kusikiwa usiku.

MASWALI
1. Kwa nini setilaiti haianguki ardhini?
2. Kwa nini setilaiti moja ya karibu haitoshi?
3. Ni vitu gani huizuia zahanati kutumia setilaiti?