Pua Ina Maji Yake

Nyuma ya kila shavu la binadamu kuna chumba kisicho na kitu ndani yake ila hewa. Kwa mtu mzima kinaweza kubeba kiasi cha mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Ajabu ya chumba hiki ni mlango wake. Haupo chini, pale ambapo maji yangetarajiwa kutokea, bali upo juu, karibu na dari. Fundi akijenga bafu la namna hiyo, tundu la maji machafu likakaa usawa wa dirisha, hatalipwa. Lakini ndivyo uso ulivyoumbwa, na hapo ndipo penye chanzo cha mateso ya watu wengi ambao mafua yao ya siku tano hugeuka kuwa wiki nzima nzima za uso mzito, pua iliyoziba na kichwa kinachogonga kila wanapoinama.

Vyumba hivyo viko jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, katikati ya macho, na jozi ya mwisho imejificha nyuma kabisa, chini ya ubongo. Madaktari huviita sainasi, na neno limeshafika mitaani. Mtu akisema ana sainasi, anamaanisha kwamba vyumba vyake vimevimba au vimeziba. Maumivu ya paji yanayoandamana na hali hiyo wengi huyaita kipanda uso, ingawa jina hilo hubeba na maumivu mengine ya kichwa yasiyohusiana kabisa na pua.

Kamasi hupandaje hadi kwenye mlango ulio juu? Kuta za pua na za vyumba vyake zimeota vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Hupiga kama makasia, mara 10 hadi 20 kila sekunde, usiku na mchana, vikisukuma utando wa kamasi kuelekea mlangoni, kisha nyuma ya pua, hadi kooni. Huko mtu huimeza bila habari. Kamasi yenyewe si uchafu. Ni mtego: hunasa vumbi, moshi, chavua na virusi kabla havijafika mapafuni. Taabu huanza ukuta unapovimba kwa mafua au mzio. Mlango mwembamba unafungika, kamasi inakuwa nzito, makasia yanachoka. Moshi wa sigara na wa kuni huyadhoofisha zaidi, na ndiyo maana apikaye kila siku kwenye jiko lisilo na pa kutolea moshi hukaa na mafua yasiyoisha.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni kuyasaidia makasia hayo. Maji hulainisha kamasi iliyoganda, huondoa vumbi na vitu vinavyochochea uvimbe, na kuiacha ngozi ya ndani ikiwa na unyevu. Ni vyema kusema mapema kwamba maji hayaingii kwa wingi ndani ya vyumba vyenyewe, hasa vikiwa vimevimba. Kazi kubwa hufanyika njiani na milangoni. Hiyo peke yake mara nyingi hutosha kuleta nafuu.

Maji puani si jambo geni kwa wasomaji wengi wa pwani. Mwislamu anayetia udhu hupandisha maji puani na kuyapenga mara tatu, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi kutoka Lamu hadi Kilwa, hiyo ni sunna. India nako kuna neti, ambalo hapa halihusiani na chandarua: ni neno la Kisanskriti la usafishaji wa pua katika yoga. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15 kinaeleza neti ya uzi, unaoingizwa puani na kutolewa mdomoni. Neti ya maji hutumia kibirika chenye mdomo mrefu. Hospitali za Ulaya nazo si wageni: mwaka 1902 jarida la Lancet la London lilikuwa tayari likichapisha makala kuhusu kuosha pua.

Je, inafaa kweli? Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 76 waliokuwa na matatizo ya sainasi ya mara kwa mara, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Walioosha pua kila siku kwa miezi sita, kwa maji yenye chumvi asilimia 2, walipata nafuu kuliko wenzao na wakatumia antibiotiki na dawa za kupuliza mara chache zaidi. Edinburgh, Scotland, watu wazima 66 wenye mafua ya kawaida waligawanywa makundi mawili. Walioosha pua na kusukutua kwa maji ya chumvi walipona karibu siku mbili kabla ya wengine. Baadaye watafiti wa huko wakawageukia watoto wadogo 407. Mwaka 2024 walieleza kwamba waliowekewa matone ya maji ya chumvi waliugua kwa siku 6, na wasiowekewa kwa siku 8. Siku mbili zinaweza kuonekana chache, lakini mzazi aliyekesha na mtoto asiyeweza kunyonya kwa sababu pua imeziba anajua uzito wake.

Utafiti unaotugusa zaidi ni ule wa Uingereza wa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 871 wa sainasi sugu. Ulipima vitu viwili: kuosha pua na kujifukiza. Kuosha pua kulileta nafuu ya wastani. Mvuke ulipunguza maumivu ya kichwa tu, haukugusa mengine. Kwetu, nyungu ya mkaratusi au mwarobaini chini ya shuka ndiyo tiba ya kwanza katika nyumba nyingi, na anayejifukiza hujisikia vizuri kwa muda. Hakuna sababu ya kuibeza. Lakini sufuria la maji yanayotokota karibu na mtoto limeshaunguza watoto wengi, na faida yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Nusu kijiko cha chumvi kinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, bila hatari ya moto.

Chumvi ya nini hasa? Yeyote aliyewahi kuzama kidogo mtoni anajua jinsi maji matupu yanavyowasha puani, hadi machozi yanatoka. Maji yasiyo na chumvi hupenya ndani ya seli za ngozi ya pua na kuzifanya zivimbe. Damu na majimaji ya mwili vina chumvi, na maji yenye gramu 9 kwa lita hulingana navyo, hivyo hayaumi. Nyumbani hiyo ni nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa, cha chumvi laini katika mililita 300. Wataalamu hupendelea chumvi isiyo na madini joto, kwa kuwa madini hayo huwasha baadhi ya watu. Wengine huongeza soda ya kuokea kidogo ili kupunguza ukali. Hapo pana hatari ya kuchanganya majina: hamira siyo, beking pauda siyo, na magadi ya kulainishia maharage siyo kabisa, kwa kuwa ni makali mno kwa ngozi ya pua. Asiye na uhakika aiache, chumvi peke yake inatosha. Asiyetaka kupima anunue duka la dawa chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo imeshatakaswa.

Chumvi inaeleweka haraka. Linalowaponza watu ni maji.

Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, kijana wa kiume na mwanamke wa makamo walikufa kwa ugonjwa uleule, kila mmoja mahali pake. Wote walikuwa wakiosha pua kwa kibirika cha neti, na wote walitumia maji ya bomba. Ndani ya maji hayo mlikuwa na ameba aitwaye Naegleria fowleri, mdudu wa chembe moja anayependa maji ya uvuguvugu. Akimezwa hana madhara, kwani tumbo humuua. Akipanda juu puani hufuata mshipa wa kunusia, hupita tundu nyembamba za mfupa na kufika kwenye ubongo. Katika kila wagonjwa 100, zaidi ya 95 hufa, wengi ndani ya wiki moja au mbili.

Karachi, Pakistan, madaktari waliwaona wagonjwa 13 wa ameba huyo katika miezi 17, na ni mmoja tu aliyekuwa ameogelea. Waliona kuwa huenda njia kuu ya maambukizi ilikuwa maji ya bomba wakati wa udhu. Matukio haya ni machache mno ukilinganisha na mamilioni wanaotia udhu kila siku, na hakuna haja ya kuogopa ibada. Lakini kiganja cha maji kwenye ncha ya pua si sawa na robo lita inayosukumwa hadi ndani kabisa. Na maji yanayokaa kutwa kwenye tangi la plastiki juu ya paa, yakipigwa na jua la Dar es Salaam au la Mombasa, yana joto ambalo ameba huyo analipenda.

Kwa hiyo maji ya kuosha pua yachemshwe. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka yatokote dakika moja kamili, na dakika tatu katika nyanda zilizo juu ya mita 1,980, kama vile Limuru, Eldoret na Nyahururu, ambako maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya chupa ya dukani ni salama kunywa, lakini si lazima yawe yametakaswa, nayo yachemshwe. Maji ya betri yanayouzwa gereji yasiguse pua ya mtu.

Kuosha kwenyewe hakuna ugumu. Mtu huinama juu ya beseni, akageuza kichwa upande, akapumua kwa mdomo. Maji ya uvuguvugu humiminwa taratibu kwenye tundu la juu la pua, kutoka chupa laini ya kuminya, yakatokea tundu la chini. Kisha hupenga polepole, bila kuziba matundu yote mawili, maana kupenga kwa nguvu husukuma maji hadi masikioni. Anayetumia dawa ya kupuliza ya mzio aipulize baada ya kuosha, si kabla. Chupa ioshwe na ikauke kabisa.

Matone ya kufungua pua yanayouzwa maduka ya dawa ni jambo jingine. Hufungua ndani ya dakika chache, lakini yakitumiwa kwa zaidi ya siku tano hivi, pua huanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe. Antibiotiki nazo haziui virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha visa vingi vya sainasi.

Mwenye sikio linalouma, aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, au mwenye kinga dhaifu amuulize daktari kwanza. Homa kali, uvimbe kuzunguka jicho, kuona vitu viwili viwili au shingo kukakamaa ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Anayeosha kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Anamaliza, anajifuta, anaendelea na shughuli zake. Nusu saa baadaye anainama kufunga kamba za viatu, au anakwenda rukuu, na maji yanamwagika puani ghafla. Yalikuwa yamebaki kwenye chumba cha shavuni, ambacho mlango wake uko juu, yakingoja kichwa kiinamishwe. Leso ikae mfukoni.