Wasanii wa Tamasha la Kiangazi Washington: Nani Aliwafundisha?

Kama unaishi Maryland, Virginia au Washington, D.C. kwenyewe, huenda umewahi kupita National Mall kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, ukaona mahema yamepangwa, ngoma zinalia na watu wamejaa kwenye nyasi. Hilo ni Smithsonian Folklife Festival, tamasha la sanaa na mila za jadi. Lilianza mwaka 1967, na mwaka huo wa kwanza walikuwapo mafundi 58 wa kazi za mikono pamoja na vikundi 32 vya muziki na ngoma. Kiingilio ni bure.

Mimi ni muuguzi. Stashahada nilisomea nyumbani, shahada nikaipatia huku. Zamu zinaporuhusu, humpeleka binti yangu wa miaka saba. Mara ya kwanza alimtazama mzee mmoja anayepiga fidla, akaniuliza, "Mama, huyu ni staa?" Nikamwambia hapana. "Sasa kwa nini yuko jukwaani?"

Ni swali zuri, maana tumezoea kwamba jukwaa ni la wenye majina makubwa. Tamasha hili halina mchezo huo. Wengi wa wanaoalikwa ni watu wenye kazi zao nyingine: wakulima, wavuvi, mafundi, walimu. Wakimaliza kuimba hukaa na wasikilizaji wakaulizwa maswali, na swali ambalo halikosekani ni hili: nani alikufundisha?

Mfano ninaoupenda zaidi ni Elizabeth Cotten, mmoja wa wapigaji wa miaka ya mwanzo ya tamasha. Alizaliwa North Carolina katika miaka ya 1890. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo aligeuza gitaa juu chini akajifundisha mwenyewe. Wimbo wake "Freight Train" aliutunga angali mtoto. Baadaye aliliweka gitaa kando kwa miaka mingi, akalea familia na kufanya kazi za nyumbani za watu. Hapa Washington aliajiriwa na familia ya Seeger, waliokuwa wanamuziki, na ndani ya nyumba ile akalishika gitaa tena. Rekodi yake ya kwanza ilitoka 1958, akiwa amepita miaka 60. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy. Wenzangu tunaofua mashuka na kulisha wazee wa watu katika jiji hili hili, tumfahamu huyu mama.

Na sisi je, tumewahi kupanda jukwaa hilo? Ndiyo. Mwaka 1997 tamasha lilikuwa na programu ya wahamiaji wa Kiafrika wa eneo hili la Washington. Hawakuletwa kwa ndege kutoka mbali. Walikuwa majirani, watu wa kupanda basi na treni kama sisi, wakionyesha namna wanavyotunza mila zao ugenini. Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya Oman, nchi ambayo Kiswahili kinasemwa katika nyumba nyingi na ambayo baadhi ya ngoma zake za pwani zina asili ya Afrika Mashariki. Kisha 2014 ikaja zamu ya Kenya. Programu iliitwa "Kenya: Mambo Poa!", ikachezwa Juni 25 hadi 29 na Julai 2 hadi 6, Kenya na China zikigawana uwanja.

Hesabu siku hizo: ni kumi tu. Baada ya hapo mahema yalishushwa, na zamu ikaenda kwa nchi nyingine. Mtoto aliyezaliwa huku mwaka ule sasa ni mkubwa, na hana hata kumbukumbu moja ya ngoma zile. Kwa hiyo kama tunategemea tamasha liwafundishe watoto wetu nyimbo zetu, tutangoja sana.

Faraja ni kwamba sauti zipo. Smithsonian ina kampuni ya rekodi, Folkways, ambayo iliichukua mwaka 1987. Katika hazina yake zimo rekodi za muziki wa Waswahili wa Lamu, maulidi na nyimbo za dunia pia. Zinapatikana mtandaoni, ukiwa Silver Spring au Dubai.

Ukienda tamashani na watoto, nikukumbushe kama muuguzi: joto la Washington lina unyevu mwingi na huchosha haraka. Beba maji na kofia, mkae kivulini saa za mchana. Mtoto akilegea, akiumwa kichwa au kichefuchefu, mpeleke mahali penye ubaridi, mpe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au kuzimia, usimnyweshe kitu; piga 911 mara moja.

Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 74. Anazijua nyimbo za harusi alizofundishwa na somo yake. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ndiye mwimbishaji, ametangulia mbele ya haki, na nyimbo nyingine zimekwenda naye. Siku hizi kila Jumapili tunampigia simu ya video. Binti yangu huuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Bibi, huu nani alikufundisha?" Mama hutaja jina, hueleza ni harusi ya nani na mwaka gani, halafu huimba. Mimi nabonyeza kitufe cha kurekodi na kukaa kimya. Mpaka sasa tumefikisha nyimbo tisa. Wewe nyumbani kwenu, ni nani wa kuulizwa, na mna ngapi?