Kanda Zilizolala Karibu Miaka Thelathini

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mpiga fidla. Miaka yake ya mwisho aliiacha fidla, akashikamana na msikiti. Alipofariki tulikuta sandukuni kanda zake ambazo hazikupata kutolewa. Jamaa wakasema zitupwe, kwani kuziweka ni kumfedhehesha maiti. Mimi nikakumbuka kisa cha The Action, nikawaomba wangoje.

Hao, ndugu msomaji, walikuwa vijana wa London. Kati ya 1965 na 1967 walitoa santuri ndogo tano chini ya George Martin, yule yule aliyekuwa akiwarekodi Beatles. Hakuna hata moja iliyovuma. Mwaka 1967 na 1968 wakarekodi nyimbo za kutosha santuri kubwa, lakini hazikutolewa.

Bendi ikageuka jina, ikawa Mighty Baby, ikatoa santuri kubwa mbili, 1969 na 1971. Ni katika siku hizo mpiga ngoma Roger Powell, mpiga besi Mike Evans na mpiga kinanda Ian Whiteman waliposilimu. Walifuata njia ya Sheikh Muhammad ibn al-Habib wa Meknes, Moroko, katika tarika ya Darqawiyya. Hiyo ni tawi la Shadhiliyya, ambayo Ngazija na Kilwa ina wafuasi wake tangu zamani. Mwaka 1972 wakatoa santuri kwa jina la The Habibiyya, tulivu kama kikao baada ya dhikri. Whiteman, aliyejiita Abdallateef, baadaye alijulikana kwa kupanga na kupamba vitabu vya Kiislamu.

Na zile nyimbo zilizolala? Zilitoka 1995, kisha tena 2002 kwa jina la Rolled Gold. Nimezisikiliza mara nyingi. Magitaa yanalia, sauti zinapanda, na kwa sikio langu hao ni watu wanaotafuta kitu wasichokijua jina. Lau zingalitupwa, tungalijua walikofika tu, tusijue walikopitia.

Wapo watakaoniambia kwamba aliyetubu hakumbushwi ya nyuma. Neno hilo nalipokea, wala sina haja ya kumpigia mtu kanda hizo barazani. Lakini ami hakuzitupa mwenyewe, na nafasi alikuwa nayo. Alizifunga kwa kitambaa safi, akaliweka sanduku chini ya kitanda chake.

Sasa liko chini ya changu.